Makofi ya Kufikicha

Bugarama, 8 Oktoba 2023

Shangazi Marguerite mpendwa,

Pokea salamu za nyumba hii yote, na unisamehe harufu. Barua nimempa Murhula, muuza samaki anayevuka mpaka kuja kwenu, naye kila kitu cha watu hukiweka chini ya beseni lake la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu wako ukanijibu "Na wewe pia, Noeli njema," katikati ya Agosti. Tangu siku ile nimeamua kalamu ndiyo simu yetu.

Munyemana, mume wangu, ni mzima, yuko shambani tangu alfajiri akigombana na ndege. Mpunga unatoa masuke. Joto la huku unalijua, hata kuku wanatembea midomo wazi. Mwanao Christophe-Aimé asalimiwe, na watoto wake wote.

Sasa neno lenyewe. Uwizeye ameanza shule. Ndiyo, Uwizeye wangu, yule ambaye shule mbili zilimrudisha nyumbani kabla hajazoea njia. Hapa kwetu wamefungua chumba kidogo kwa watoto wa namna yake, wenye usonji kama alivyosema daktari, na wengine ambao akili zao zinachelewa au zinapita njia yao. Mwalimu wao anaitwa Nyirarukundo. Ni mwanamke mfupi, hapandishi sauti, na ana subira ya mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Asubuhi wanakaa kwake, wanajifunza kungoja zamu, kula pamoja, kuomba kwenda msalani. Baadaye anawapeleka kukaa na watoto wa Darasa la Kwanza ili wazoeane.

Na wiki ya kwanza tu, shangazi, mwalimu aliinua penseli akauliza darasa ni ngapi, na mwanangu wa miaka saba, ambaye hajawahi kumjibu mgeni, akasema, "Tano." Darasa zima likampigia yale makofi makubwa ya hapa, ya mizunguko mitatu na kukanyaga chini mwishoni. Nilipoambiwa nilikaa kando ya mfereji nikalia mpaka Munyemana akadhani kuna msiba.

Nikisema zaidi nitaharibu. Tuombee.

Binti yako,
Reine

Kadutu, Bukavu, 19 Novemba 2023

Reine, binti wa kaka yangu,

Bwana asifiwe. Barua ilifika, na paka wa jirani aliifurahia kuliko mimi. Huku ni wazima, isipokuwa mguu, ambao hauna habari mpya. Christophe-Aimé ana vitu vyake anavyoninunulia bila kuniuliza, hayo tuyaache.

Nilifurahi kusoma habari ya penseli. Niliwasomea wamama wa kikundi chetu cha maombi, wakapiga vigelegele. Sasa niambie, kwa nini Murhula anasema kwamba tangu ile "tano" mtoto hajatoa neno tena shuleni? Kwamba akiulizwa anaangalia ukuta, na juzi aliingia chini ya dawati akaziba masikio? Muuza sambaza anajua habari za damu yangu kabla yangu.

Sikulaumu. Lakini nimeishi miaka mingi kuliko huyo daktari wako. Mtoto aliyesema jana na leo hasemi, kuna kitu kimemfunga kinywa. Wamama wamekubali kumpokea. Mlete Noeli, akae hapa kwangu, tumwombee kwa mfungo mpaka afunguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na shule, kama ni shule kweli, itamngoja.

Kitenge kilichomo kwenye mfuko ni chako. Murhula akisema ni chake, mwangalie machoni.

Shangazi yako,
Marguerite

Bugarama, 14 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Tumevuna, tumeanika, na mvua imetukimbiza na maturubai kama kawaida yake. Kitenge nilikipata, Murhula aliangalia chini. Noeli hatukuja, umeona mwenyewe, na sikukuambia sababu. Sasa nakuambia.

Shule haitamngoja. Direkteri Karangwa, mkuu wa shule, si mtu mbaya, lakini chumba ni kidogo, na kila wiki mama mwingine anatoka Nzahaha au Rwimbogo na mtoto wake, anasimama kwenye geti akiomba nafasi. Kwa hiyo ameweka sheria: kile chumba ni mlango, si nyumba. Mwezi wa saba ukifika, mtoto anayeweza kusoma na wenzake anapewa dawati katika Darasa la Kwanza. Asiyeweza anarudi kwao, mwingine anaingia. Na mtoto ambaye hajibu kitu, mwalimu atajuaje anachojua?

Nilikuficha kwa kuwa nilijua utasema, basi mlete. Siwezi, shangazi. Nyumbani Uwizeye anasema. Ananihesabia mayai, anamwita baba yake ndege wakishuka shambani, na akichoka na mimi ananiambia, "Maman, toka." Kifungo gani hicho kinachomfunga mtoto kinywa akifika kwenye mlango wa shule na kumfungua akirudi? Nikimwondoa pale, hatarudi tena. Nafasi ya nne hatutaipata. Mimi mwenyewe sijui la kufanya, na nimechoka kujifanya najua.

Na wewe je? Murhula anasema tangu Novemba hujaonekana kanisani. Wewe, uliyekuwa unaenda hata na homa. Kwa nini mambo yako nayo nayasikia kwa muuza sambaza?

Binti yako,
Reine

Kadutu, 18 Februari 2024

Reine,

Salamu zako zimefika, na ulimi wako pia umefika. Wajukuu wana mafua. Mguu ni uleule.

Umeuliza, basi soma, kisha barua uichome. Christophe-Aimé ameninunulia mashine ya kusikia, ya kuweka ndani ya sikio. Aliniambia, "Maman, na hii utasikia hata panya yenye iko nyumba ya jirani." Siku za kwanza nilifurahi, sikatai. Nilisikia maji yakichemka. Nilisikia wajukuu wakinisengenya nyuma ya mlango, nikawajibu neno kwa neno, wakakimbia.

Ikaja Jumapili. Binti wa Mzee Bashige alisoma Neno vizuri, mchungaji akasema tumpigie makofi. Reine, ilikuwa kama watu wanatwanga ndani ya kichwa changu. Sikumwona tena mchungaji, sikukumbuka somo, hata jina langu ungeniuliza nisingekujibu. Nilichotaka ni mlango tu. Nilitoka nikasimama karibu na choo mpaka wamalize. Na toka siku ile, nikifikiria kanisa, mikono inatoka jasho kabla sijavaa viatu. Mashine nimeificha, lakini hata bila mashine siendi, woga umebaki. Wanasema nimerudi nyuma katika wokovu. Mimi, kiongozi wa wamama, nitawaambia nini? Kwamba naogopa makofi?

Usimwambie Murhula.

Kuhusu mtoto sijabadilika. Mlete Pasaka.

Marguerite

Bugarama, 17 Machi 2024

Shangazi yangu,

Sisi ni wazima, mpunga mzima, salamu nitazimalizia siku nyingine. Kaa chini usome polepole.

Barua yako nilimsomea Munyemana wakati wa kula. Nisamehe, yeye si Murhula. Nilipofika pale kwenye kutwanga, akaweka kijiko chini.

"Reine," akasema, "huyu mutoto, siku ile alisema tano, walimufanyia nini?"

"Walimupigia makofi."

"Basi," akasema, na hakumaliza chakula chake.

Tangu Oktoba tumetafuta ugonjwa, tumetafuta dhambi, tumetafuta jicho la mtu. Kumbe tulimpa zawadi inayomuumiza, na akajua kwamba kila akijibu vizuri zawadi ile itarudi. Wewe ulikimbilia chooni. Yeye alikuwa na ukuta tu, na chini ya dawati.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Nyirarukundo kabla ya kengele. Alinisikiliza akiwa ameshika chaki, kisha akasema, "Na miye kila siku namuambia, jibu mutoto, tutakupigia makofi." Akacheka, na machozi yakamtoka palepale.

Siku ileile aliwaambia wa Darasa la Kwanza, "Batoto, leo mwenye atajibu muzuri, hatumupigie makofi." Walishangaa. Wamezaliwa ndani ya makofi, hawajui sifa nyingine. "Sasa atajua je kama amepata?" Wakauliza hivyo, wakabishana. Mmoja akasema tumpe pipi, mwalimu akakataa. Mwisho msichana mmoja, binti wa mkulima, akasema wafanye kama baba yake anapopima kama mpunga umeiva. Wewe ni mtu wa mjini, nikueleze: unakata suke, unalifikicha katikati ya viganja mpaka makapi yatoke, unapuliza, unaangalia punje iliyobaki. Basi darasa zima likafikicha mikono mitupu na kupuliza. Wakapenda, wakarudia, ikawa mchezo.

Ndipo mwalimu akainua penseli, akamwita mwanangu. Uwizeye aliangalia ukuta. Mwalimu hakumwita mara ya pili, alibaki amezishika tu mkononi. Na mwanangu akasema, "Tatu." Watoto wote wakafikicha, wakapuliza, fyuu, hakuna aliyepiga kofi. Aliwaangalia mikono, mmoja baada ya mwingine, akafuata na mstari wa pili. Kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, "Na mbili ni tano."

Sasa anajibu kila siku. Si kila swali, na siku akiamka vibaya hajibu kabisa, lakini wenzake wamezoea, wanasema leo Uwizeye amefunga duka. Kuna mwenzake wa chumba kidogo, Hugues, mwenye kigugumizi. Naye ameanza kusoma kwa sauti, maana zamani makofi yalikuwa yanamkatiza kabla hajamaliza sentensi. Darasa la Kwanza wameacha makofi kabisa, hata kwa wale wasio na shida. Wanasema kufikicha ni kutamu zaidi.

Hakuna kilichomfunga kinywa, shangazi. Tulikuwa tunamfunga sisi kwa furaha yetu. Na wewe hujarudi nyuma popote. Bila sikio lako tungekuwa bado tunatafuta mchawi. Nakupenda, na nasema waziwazi kwa kuwa uko mbali huwezi kunikaripia.

Binti yako,
Reine

Bugarama, 16 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Pasaka ilipita, Mei ikapita, na Murhula haleti kitu ila sambaza. Nikimuuliza anasema, "Mzee iko muzima, haina neno," na anaangalia pembeni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo naogopa. Kama nilikukosea kwa kumsomea Munyemana barua, nikemee, lakini niandikie.

Huku wote tuko salama. Nakuandikia kwa ajili ya tarehe tano Julai, siku ya proklamasyo, wanaposoma matokeo mbele ya wazazi. Direkteri amemwona Uwizeye darasani akijibu, anakubali kwamba anajua. Ila anasema darasa ni chumba na shule ni umati. "Akisimama mbele ya bote, akapokea ripoti yake kama wengine, miye sina neno. Akikimbia, tutaona." Mwalimu akamwomba siku hiyo yasiwepo makofi. Akajibu, "Proklamasyo bila makofi, ile ni kilio."

Ukaitwa mkutano wa wazazi. Baba mmoja akauliza kama shule nzima itabadilika kwa ajili ya mtoto mmoja, na wengi wakatikisa vichwa kumkubali, hata wale ninaouza nao sokoni. Ndipo Munyemana akasimama, yeye ambaye mikutanoni hulala. Akasema, "Mvua ikikuja, tunaingiza mupunga ndani. Hatuuambie mupunga uvumilie." Akaketi. Mabishano yakaishia hapo, maana pale hakuna asiyeanika mpunga.

Direkteri amekubali nusu. Watoto wa chumba kidogo wakiitwa, watu wafikiche. Lakini amesema mikono ya wazazi hawezi kuijibia, wala ngoma, wala akina mama wenye vigelegele.

Nimemzoeza mtoto uwani. Munyemana anakuwa Direkteri, kuku wanakuwa wazazi. Uwani anaweza. Siku yenyewe sijui, na usiponiandikia sina wa kumwambia kwamba sijui. Nitasema neno moja kisha ninyamaze. Ikiharibika siku ile, na kama bado unataka kumchukua, sitakuwa na nguvu ya kukukatalia.

Binti yako,
Reine

Kadutu, 9 Julai 2024

Reine, binti wa kaka yangu,

Tumefika salama. Murhula alilala njia nzima mdomo wazi. Wajukuu wazima, mguu umevimba kwa safari na haujutii.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati Ijumaa tulikula sahani moja. Ni kwa sababu jina la mtoto lilipoitwa ulikimbilia nyuma ya jiko la shule ukajifunika kichwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Uliporudi kila mtu alikuwa anakukumbatia, na mumeo ni mtu mwema lakini hajui kusimulia, anaruka sehemu nzuri. Basi pokea sehemu zako.

Kwanza kimya changu. Barua yako ya Machi niliisoma, nikalia, nikaitoa mashine mahali pake. Nikaivaa jikoni. Baada ya wiki nikaivaa sokoni. Halafu kanisani, benchi la mwisho, karibu na mlango. Wamama niliwaambia ukweli wote, wa sikio langu na wa mtoto, na nikawaonyesha kufikicha. Wengine walicheka, wakafikicha hata hivyo. Sikukuandikia kwa kuwa nilitaka kuja nimeshinda, si kuahidi. Murhula aliapa kunyamaza, mara ya kwanza katika maisha yake, na akatimiza.

Sasa Ijumaa. Wewe ulikuwa mbele na wazazi wa chumba kidogo, mimi nilikaa nyuma ili usinione. Mwalimu wenu alisimama akasema, "Bazazi, wote munajua kufikicha mupunga," akawaonyesha. Bwana aliyekuwa pembeni yangu akanung'unika, "Miye ni muntu wa kiwanda cha simenti." Mke wake akamwambia, "Nitakufundisha, leta mikono."

Wakamwita Hugues kwanza. Nusu ya watu wakafikicha, nusu wakasahau wakapiga, na mpiga ngoma naye akatia lake. Yalinipiga kichwani kama siku ile kanisani, na nikamtafuta mtoto kwa macho. Alikuwa amebana mgongo kwenye ukuta, viganja kwenye masikio, anaangalia geti. Macho yale nayajua, Reine. Ni mimi nikitafuta mlango.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti ya kiziwi, ambayo unajua haina kipimo, "Bazazi, tafazali. Ule mutoto ni wetu. Musimufukuze na furaha." Umati ukageuka. Direkteri aliniangalia kama anaona mkaguzi kutoka Kigali. Wewe ulinitambua ukashika kinywa, na wakati huohuo wakasoma jina lake, ukakimbia.

Hukusikia kilichofuata, na mimi nilikisikia chote kwa lile sikio. Hakuna aliyepiga kofi. Viganja vyote vya tambarare ile, vigumu kwa jembe na kwa simenti, vilifikicha kwa pamoja, na sauti yake ni ya mvua inapoanza juu ya majani ya migomba. Kisha wote wakapuliza. Mtoto akashusha mikono. Akaanza kutembea, si katikati kama wenzake, bali kandokando ya ukuta, akigusa kila nguzo ya veranda. Kwenye nguzo ya mwisho akasimama. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemsukuma. Mumeo alikuwa anafikicha bado, amefumba macho, nadhani viganja vimemtoka ngozi. Ndipo mtoto akavuka uwanja akapokea ripoti yake.

Direkteri Karangwa alizidiwa. Akasahau agizo lake mwenyewe, akainua mikono apige. Na Uwizeye, ambaye hajawahi kunishika hata kidole, alimshika ile mikono miwili hewani. Akaiweka kiganja kwa kiganja, akaisugua, akaangalia, akaona bado. Akainama akampulizia. "Ni hivi, Direkteri."

Watu walicheka uwanja mzima, kicheko cha kuangusha paa, na hakukimbia. Alikuwa anamngoja Direkteri afanye mwenyewe. Akafanya, mtu mzima na tai yake, akafikicha na kupuliza mbele ya wazazi wote. Kisha akashika kipaza sauti, akasema, "Uwizeye, Darasa la Kwanza."

Nimekuwa kwenye harusi nyingi na ubatizo mwingi. Sijawahi kufurahi hivyo, na nakuandikia ili ujue vizuri ulichokosa.

Watu walipokuwa wanakula nilimwomba Direkteri anionyeshe dawati. Alidhani natania. Nikamwambia sitakula mpaka nilione. Akatafuta ufunguo, tukaenda wawili. Ni la mstari wa pili, upande wa dirisha. Nilikaa juu yake nikalitikisa. Mguu mmoja ni mfupi. Mwambie Munyemana akate kibao akitie chini kabla ya Septemba, na kibao kiwe kigumu, maana atakaa pale mwaka mzima.

Bibi yake Uwizeye,
Marguerite